Paka wa Mama na Nyama Mbichi

Jumapili, tarehe thelathini, mwezi wa sita. Asubuhi kulikuwa na ukungu mwembamba juu ya ziwa. Jua likauondoa taratibu, na kuanzia saa nne upepo ukavuma kutoka upande wa maji, upepo mkavu, wa kuanikia.

Hapa Nyasho, mjini Musoma, upepo huo ukianza tu, wanawake wanatoa vitu nje: nguo, dagaa, mihogo. Mama mwenye nyumba wetu anatoaga mihogo. Uani kwake kuna jiwe moja kubwa, bapa, lililokuwepo kabla ya nyumba. Waliojenga walishindwa kulivunja, wakajenga kando yake. Likishapata jua linashika joto mpaka jioni, na juu yake ndipo anapoanika udaga, yaani mihogo iliyovundikwa ikalainika, kabla ya kuipeleka mashine. Habari yangu yote tangu Pasaka imezunguka kwenye jiwe hilo, na kwenye choo cha paka.

Sijui kama inafaa kuandikwa. Mimi ni fundi cherehani, niliishia darasa la saba, na nilichozoea kuandika ni vipimo vya viuno na mabega. Mwenye akili angetafuta jambo kubwa zaidi. Lakini nikijiuliza ni nini kimenikosesha raha miezi hii, jibu linakuja lile lile, nami sitaki kujidanganya.

Mama alianguka shambani Butiama wakati wa palizi. Hakuvunjika mfupa. Ilikuwa presha. Hospitalini wakasema akae mjini karibu yao mpaka dawa zimkubali, awe anapimwa mara kwa mara, maana kule kwetu hakuna wa kumwangalia mchana kutwa. Kaka yangu akamleta. Mama akashuka kwenye basi na mfuko wa nguo mkono mmoja, na mkono wa pili kikapu kilichofungwa kanga, na kanga inatikisika.

"Mama, hicho nini?"

"Mwenzangu."

Alikuwa paka. Kijivu, sikio moja limechanika, macho ya kushuku watu. Hana jina. Kwetu wenye majina ni ng'ombe, paka ni paka tu.

"Si ungemwachia kaka?"

"Kaka yako jioni anaongea na simu. Mimi naongea na huyu."

Tangu baba afariki nilikuwa nikienda kumwona mama mara chache kuliko nilivyosema nitakwenda, kwa hiyo aliyekaa naye ni huyo paka. Nikamkaribisha.

Mjini alikula kile wanachokula paka wote wa mtaa huu: ugali uliobaki, umelowekwa kwenye mchuzi wa dagaa. Sitaki kusema ugali ni sumu kwa paka. Wapo paka hapa jirani wanaoula mwaka mzima na wamenona. Lakini huyu wetu, wiki haijaisha, choo kikaanza kulainika. Kikawa kama uji mzito, halafu kama uji mwepesi, na harufu yake ilikuwa inatangulia kufika kabla hujakiona. Nilimtengenezea boksi la mchanga kwenye kona ya uani. Akiwahi, analitumia. Lakini anayehara hachagui mahali, na mahali alipopapenda kulala mchana kutwa, kwa sababu ya joto, ni juu ya lile jiwe.

"Fundi! Acha mashine yako, njoo uone."

Mama mwenye nyumba alikuwa amesimama na ungo mkononi. Pembeni ya udaga wake, si juu yake lakini pembeni kabisa, paka alikuwa ameacha alama.

"Nisamehe mama, nafuta sasa hivi."

"Futa. Lakini huu udaga ni wa watu. Wakisikia, nani atakula ugali wa kwangu?"

Nataka niandike mapema kwamba mama mwenye nyumba si mtu mbaya. Kibaraza ninachowekea cherehani ni chake, na mvua ikinyesha yeye ndiye anayekimbia kufunika vitambaa vyangu nikiwa sipo. Mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya pili akanung'unika. Mara ya tatu akatoa neno.

"Mpaka mwezi wa sita uishe. Kama bado anahara hivi, atafute nyumba nyingine. Siyo wewe, fundi. Wala siyo bibi. Paka."

Mama alikuwa amekaa mlangoni anachambua mchicha. Hakuinua kichwa.

"Akitafuta nyumba, tutatafuta wote. Mimi najua nyumba tayari. Iko Butiama."

Mama mwenye nyumba akacheka, akidhani ni utani. Mimi sikucheka. Mama yangu akisema jambo kwa sauti ya chini namna ile, ameshamaliza. Kama paka angeondoka, mama angeondoka naye, na dawa zilikuwa bado hazijamkubali. Ndiyo maana nasema sikuwa na jambo kubwa zaidi ya choo cha paka. Uhai wa mama yangu ulikuwa umefungwa humo.

Bunda naendaga kuchukua vitambaa vya sare kwa mzee mmoja Mwislamu mwenye duka. Nilipofika safari ile alinitazama juu ya miwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Mbona uso haujapigwa pasi leo?"

Nikamweleza. Nilitegemea anicheke, lakini akavua miwani. Nilikuwa nimesahau kwamba mzee huyo ni mtu wa paka. Dukani kwake wapo, wanalala juu ya majora, na panya wa Bunda wanajua wasipite hapo.

"Mnampa nini?"

"Ugali na mchuzi."

"Kwani ni kibarua wa kubeba mizigo, mpaka ashibe ugali? Tazama meno yake, fundi. Kuna jino la kusaga hapo? Ni chui mdogo yule. Mpe nyama. Mbichi. Wa kwangu nawapa mbichi. Njoo nikuonyeshe kitu."

Nikamfuata nyuma ya duka nikifikiri ananiwekea kitambaa kipya. Akainama, akavuta boksi la mchanga, akachokonoa kwa kipande cha ubao. Vikatokea vidonge viwili vidogo, vyeusi, vikavu kama masalia ya mkaa.

"Nusa."

"Mzee, nimesadiki."

"Nusa, usije ukasema kesho nilikudanganya."

Nikanusa. Na kwa haki, hakukuwa na harufu ya kusimulia. Mteja mmoja alikuwa mlangoni anaulizia shuka, akatuona watu wazima wawili tumeinamia boksi, akaamua kurudi baadaye.

Nilirudi Musoma nimejaa matumaini, na hapo ndipo nilipoharibu. Nyama ina bei. Lakini huku kwetu ziwani kuna kitu cha bure: wanawake wanaopasua sangara mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, wanatupa matumbo na yale mafuta ya manjano yanayokaa tumboni mwake. Mimi nikajiambia, mbichi ni mbichi. Nikajaza bakuli. Paka alikula huku ananguruma, mama akashangaa, mimi nikajiona daktari.

Kulipokucha sikuhitaji kuuliza. Kilichotoka hakikuwa choo tena, kilikuwa maji yenye mafuta yanayong'aa, na safari hii kilikuwa juu ya udaga wenyewe. Mama mwenye nyumba hakupiga kelele. Alichukua kijiti akasukuma vipande vilivyoharibika, kimoja kimoja, mpaka chini. Afadhali angenitukana.

"Ulimpa nini mwenzangu?" mama aliniuliza.

"Sangara mbichi."

"Huyu amekulia kwa ng'ombe. Hajui hata ziwa lina rangi gani."

Nikampigia simu yule mzee wa Bunda, na nakiri nilipiga kwa hasira.

"Nilisema nyama, fundi," akasema.

"Ulisema mbichi!"

"Nyama mbichi. Kisha mafuta ya sangara, hata mimi na wewe yangetupeleka mbio. Halafu ulimbadilishia siku moja? Sikukwambia uanze kidogo kidogo?"

"Hukusema."

Nikasikia akivuta kiti, akakaa.

"Basi sikusema. Hapo nimekosa mimi, na kwenye sangara umekosa wewe. Tugawane."

Hasira ikaniisha. Ni vigumu kumkasirikia mtu anayechukua fungu lake.

Siku iliyofuata nikaenda kwa daktari wa mifugo. Nilipanga foleni pamoja na wanaume waliokuja kwa habari za mbuzi na mitamba. Mmoja aliponiuliza nimekuja kwa ajili ya mnyama gani, nikamwambia, akawaambia wenzake, wakafurahi.

"Kwetu paka akihara anapona mwenyewe."

"Au anakufa mwenyewe," mwingine akasema. "Hana daktari yule."

Daktari alikuwa mwanamke mwenye umri kama wangu. Hakucheka. Aliniuliza maswali mengi kuliko nilivyoulizwa nilipompeleka mama hospitali: choo kina rangi gani, kina damu, kina ute, mara ngapi, anatapika, anakunywa maji. Nilimwambia yote, na mbele ya wale wanaume niliona haya, lakini nilisema.

Akanieleza hivi, nami naandika nilivyoelewa, kama nimekosea ni mimi. Utumbo wa paka ni mfupi. Umeumbwa kwa nyama, na nyama nyingi inatumika mwilini, inayobaki ni kidogo, ndiyo maana choo cha paka wa nyama ni kidogo na kikavu. Ugali unapita nusu yake bila kazi. Lakini tumbo lililozoea kitu kimoja ukilibadilishia ghafla, linakasirika, hata kama kitu kipya ni kizuri. Mafuta yakizidi anahara. Ini likizidi anahara, choo kinakuwa cheusi kama lami. Mfupa ukizidi choo kinakuwa cheupe, kinavunjika kama chaki, na anaweza kufunga kabisa. Mfupa wenyewe uwe mbichi na laini kama shingo ya kuku, kwa sababu uliopikwa unavunjika na ncha kali. Samaki mbichi si wa kila siku. Na kabla ya yote, dawa ya minyoo.

"Wewe wa kwako unampa mbichi?" nikamuuliza.

"Hapana. Mimi nachemsha."

"Sasa mbona…"

"Nyama mbichi ina vijidudu na mayai ya minyoo. Paka anaweza asiumwe, akakuletea wewe. Una mzee ndani. Ukitaka kutoa mbichi, chukua iliyopimwa machinjioni, ya siku ile ile, isikae juani, bakuli lake lioshwe peke yake, na mikono kwa sabuni. Mama akigusa mchanga wa boksi, anawe. Sikulazimishi, na sikukatazi."

Nilipenda jibu hilo. Watu wengi wakijua jambo wanataka ulifuate mpaka kaburini.

Kwa nini basi sikuchemsha? Nimejiuliza sana. Nafikiri ni kwa sababu nilishaona vile vidonge vya Bunda kwa macho yangu, na jambo ulilonusa huliachi kirahisi. Pengine kuchemsha kungefaa vile vile. Sijui.

Tukaanza. Dawa ya minyoo kwanza, mama akamshika, mimi nikapata mikwaruzo. Kisha kijiko kimoja cha nyama mbichi isiyo na mafuta ndani ya ugali wake, halafu viwili, ugali unapungua na nyama inaongezeka. Buchani nilikuwa nachukua vipande vya moyo wa ng'ombe na ini kidogo. Sokoni, wachinja kuku wananiwekea shingo. Choo kikaanza kukaza. Nilifurahi mno, nikawa naamka na kwenda moja kwa moja kwenye boksi kabla sijanawa uso.

Lakini kilikuwa hakitulii. Leo kinasimama, kesho uji. Nikampunguzia ini, bado. Nikaacha kabisa ini, bado. Nikaanza kumwazia vibaya mama mwenye nyumba, kwamba labda anamtupia makombo ili mwezi uishe na hoja yake ishinde. Namshukuru Mungu sikufungua mdomo, maana ningemwombaje radhi baadaye.

Siku moja nilikuwa nimeshaenda mtaa wa pili kumpima mteja, nikakuta nimesahau futi. Nikarudi. Baiskeli ya muuza maziwa ilikuwa ndiyo inatoka uani. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguuni pake bakuli limejaa maziwa mabichi, na paka ameingiza kichwa chote.

Tulitazamana.

"Kwetu," mama akasema, "ukikamua, wa kwanza kupewa ni paka. Unajua hivyo. Umelelewa hivyo."

Ni kweli. Nilipokuwa mtoto, paka alikuwa anakaa zizini kila mkamuo, na mkamuaji anaelekeza chuchu pembeni, maziwa yanaruka kama uzi mweupe, paka anapokea kwa mdomo hewani. Hakuna aliyekuwa anaanza kujaza kibuyu kabla ya paka kupata lake, kwa sababu yeye ndiye anayelinda ghala. Kwetu maziwa hayajawahi kuitwa kosa. Mgonjwa anapewa maziwa, mzazi maziwa, mgeni maziwa. Mtu akikwambia maziwa yanamdhuru kiumbe fulani, unamwona huyo mtu ndiye mgonjwa.

Nami nitamwambiaje mama yangu acha? Ningekuwa mwenye shule zaidi labda ningejua namna. Nilichukua futi yangu nikaondoka. Siku hiyo nilishona pindo likaenda upande, nikafumua, nikalishona likaenda upande wa pili.

Jioni, jua bado liko, tukakaa juu ya jiwe. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshaanua vitu vyake, jiwe lina joto, paka katikati yetu.

"Mama, ndama akihara, mlikuwa mnamfanyaje?"

Mama akakaa sawa. Muda mrefu sijamwona akikaa hivyo, kama mtu aliyeitwa kwa cheo chake.

"Kwanza unaangalia mavi yake. Usikimbilie dawa. Unaangalia kama ni ya njano au meupe kama chokaa, kama yana damu, kama yananuka uchachu. Kisha unamtazama macho. Yakiingia ndani, kaza mwendo."

"Halafu?"

"Halafu unampunguzia maziwa. Watu wasiojua wanamwongezea, wanaona amedhoofu. Kumbe ni maziwa ndiyo yanayomsukuma. Unampunguzia maziwa, unampa maji…"

Mkono wake uliokuwa unamkuna paka ukasimama.

"Wewe mtoto."

"Mimi nimeuliza ndama, mama."

"Ndama ana masikio mawili mazima." Akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Lakini kule alikuwa anapata tone tu la zizini. Huku nimekuwa nampa bakuli zima, na kila siku. Si nimemtoa kwao? Nikasema basi angalau maziwa."

Aliposema "nimemtoa kwao" hakumtazama paka. Alikuwa anatazama upande barabara ya Butiama inakopita. Nilimsogezea kanga mabegani kwa sababu upepo ulikuwa unaanza kupoa.

Kesho yake muuza maziwa alipoita, mama akamwambia amwekee ya chai tu. Na kuanzia hapo kazi ya boksi ikatoka mikononi mwangu. Kila asubuhi mama alikuwa anachuchumaa na kijiti chake, anageuza, anatazama, kama alivyokuwa anatazama mavi ya ndama, kisha ananawa kwa sabuni mpaka viwiko na kuja kunipa taarifa tukinywa chai. Mwanzoni nilimwomba asiseme wakati tunatafuna. Hakusikia.

"Leo kimesimama."

"Asante Mungu."

"Lakini kimekuwa cheupe. Ni chokaa hiki. Hizo shingo za kuku unazidisha."

Ilikuwa kweli, nilikuwa nimezidisha, kwa sababu zinapatikana kirahisi. Paka akakaa siku nzima anajikamua kwenye boksi bila kitu, mgongo umepinda, na mimi nikaona nimemwokoa kwenye kuhara nimempeleka kwenye kufunga. Mama akaondoa shingo, akamchanganyia nyama na maji ya vuguvugu na ini dogo kama ukucha. Akafunguka. Shingo zikarudi baadaye, chache.

Halafu akatulia. Choo kikawa kidogo, cheusi, kikavu, na siku nyingine hakuna kabisa. Nilihangaika tena, nikampigia daktari wa mifugo, akaniambia kama anakula, anacheza na hajikamui, nimwache, hana cha kutoa. Manyoya yakalala. Akaanza kukimbiza mijusi kwenye ukuta.

Nani amemponya? Mzee wa Bunda nilipomweleza alisema ni nyama mbichi, akataka nikiri hapo hapo kwenye simu. Daktari alisema inawezekana ilikuwa minyoo tangu mwanzo. Mama anasema ni yeye, na nikipima naona ana sehemu kubwa. Au labda ni tumbo tu lililochoka kushangaa mji. Tulibadilisha mambo mengi kwa pamoja, kwa hiyo sina haki ya kumpa sifa mmoja. Mtu akiniuliza kama ampe paka wake nyama mbichi, nitamwambia kilichotokea hapa, na kwamba mwenye kujua zaidi anachemsha.

Leo sasa. Nilipoamka niliona mfuko wa mama umefungwa, umewekwa mlangoni, na juu yake kile kikapu na kanga yake. Tulikunywa chai tukiutazama.

Upepo ulipokaza vizuri, mama mwenye nyumba akatoka na udaga. Paka alikuwa jiweni tayari, amejinyoosha. Mama amekaa pembeni na kijiti.

"Bibi, leo tarehe ngapi?"

"Unaijua."

"Naijua." Akaweka ungo chini. "Nionyeshe."

Mama akainuka taratibu, akamwongoza mpaka kwenye kona. Nilizima cherehani nisikie.

"Hiki cha jana," mama akasema. "Nusa."

"Bibi! Nimezeeka, lakini sijafikia kunusa."

"Nusa, mwanangu. Usije ukasema kesho nilikudanganya."

Mama mwenye nyumba akainama. Alikaa ameinama muda kuliko nilivyotegemea.

"Mbona kama cha mbuzi?"

"Eeh."

"Na hakinuki."

"Wiki mbili sasa. Jiweni hajagusa. Sema kama amegusa."

"Hajagusa," mama mwenye nyumba akakubali. Kisha akatazama mlangoni, akauona mfuko. "Huo wa nani?"

"Wangu. Mwezi umeisha."

"Bibi, mimi nilisema paka. Na nilisema kama anahara."

"Nilisikia."

"Sasa unakwenda wapi? Nikienda kusali kwenye jumuiya nani atanifukuzia kuku kwenye udaga? Huyu fundi? Huyu akishika mashine hata nyumba ikiungua hasikii."

Mama akautazama mfuko, kisha ule udaga. Mwishoni akakaa palepale kwenye kigoda chake, akaweka kijiti mapajani.

"Kuku wenyewe wa nani?"

"Wangu."

"Basi nitawapiga."

"Wapige."

Sisemi kwamba mama atabaki mpaka daktari wa presha aridhike. Hajaahidi, na mavuno ya mtama yanamwita. Anasema atakaa mpaka kipimo kijacho, tuone. Kipimo kilichopita kilikuwa kizuri kuliko cha mwanzo, na hilo naliandika kama lilivyo, bila kuongeza. Lakini mchana nilipoingia ndani mfuko haukuwa mlangoni tena. Kanga alikuwa amejifunga, na kikapu alikuwa nacho jiweni, anakusanyia udaga uliokauka, paka amelala kivulini mwake.

Jioni mama mwenye nyumba alituletea bakuli la unga wa udaga wa mzigo uliopita. Tumekula ugali wake mweusi, dagaa wa kukaanga na nyanya, na mchicha. Paka amekula moyo wa ng'ombe, mbichi, umekatwa vipande vidogo, na mama hakumwekea maziwa.